Kabla ya Kununua Zulia, Jiulize Utalianika Wapi

Anayeingia dukani Mwanga au Ujiji kutafuta zulia kwa kawaida huanza na rangi, akamalizia na bei. Kwa Kigoma kuna swali linalotangulia yote mawili: siku likilowa, utalianika wapi, na litachukua siku ngapi kukauka? Mvua hapa huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katikati ya miezi hiyo hewa ya ziwa imejaa unyevu, jua linachungulia na kujificha, na zulia nene lililofuliwa Jumamosi linaweza kuwa bado bichi Jumatano. Likikaa na maji zaidi ya siku moja au mbili, ukungu huanza kuota mgongoni, na harufu yake haiondoki kwa udi wala manukato.

Kiangazi shida hugeuka. Vumbi jekundu huingia kwa mlango, kwa dirisha na kwa nyayo za wageni. Tabora, iliyo juu zaidi na mbali na ziwa, hukausha haraka, lakini ina mchanga. Chembe za mchanga huzama hadi kwenye shina la manyoya, na kila mtu anapokanyaga hukata nyuzi kidogo kidogo kama msasa. Ndiyo maana zulia huanza kukonda karibu na mlango wakati pembeni bado ni jipya. Kikanyagio kigumu cha usumba nje ya mlango, na kingine cha kunyonya maji ndani, huongeza umri wa zulia kuliko sabuni yoyote. Kwa nyumba ambayo watu huvua viatu barazani, nusu ya kazi imeshafanyika.

Kapeti ni jina la vitu vitatu

Dukani neno "kapeti" hubebeshwa vitu vitatu visivyofanana, na wengi huulizia kimoja wakauziwa kingine.

Cha kwanza ni kapeti la plastiki, lile la roli lenye picha ya marumaru au mbao, linalokatwa kwa mita. Kwa chumba cha kupanga chenye sakafu ya sementi, mara nyingi hilo ndilo jibu sahihi: unalifuta kwa tambara na maisha yanaendelea. Kingo zake hunyanyuka kwa sababu watu hulikata likiwa bado lina umbo la roli. Litandaze chumbani siku nzima, uliwekee vitu vizito pembeni, ndipo ukate kufuata ukuta. Pia, usiweke juu yake zulia lenye mgongo wa mpira. Mpira hutoa kemikali inayoacha doa la njano au kahawia kwenye plastiki, na doa hilo halifutiki.

Cha pili ni kapeti la kitambaa la kukata, linalotandikwa ukuta hadi ukuta. Cha tatu ni zulia lenyewe: kipande kilichokamilika, kingo zimeshonwa, unakikunjua na kukikunja upendavyo. Kapeti la manyoya linalopendwa sana siku hizi limo humo.

Sakafu kwanza

Nyumba nyingi za zamani, na mpya si haba, zimemwagiwa sakafu bila nailoni ya kuzuia unyevu chini yake. Maji hupanda polepole kutoka ardhini, hukauka yanapofika juu, na hakuna anayeyaona. Ukishaifunika sakafu hiyo, maji hayana pa kwenda.

Kupima ni rahisi. Kata nailoni ngumu inayopitisha mwanga, sentimita 45 kwa 45, uibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo. Iache tangu jioni hadi kesho yake mchana. Ukikuta matone upande wa chini, au sementi imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, usibandike kapeti lolote hapo. Tumia mazulia madogo unayoweza kuyanyanyua kila wiki, au mkeka wa ukindu, ambao hupitisha hewa na hukauka ukiegemezwa tu ukutani. Sakafu mpya nayo isiharakishwe. Makadirio ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo tabaka la milimita 50 linahitaji kama siku 50 za hali ya hewa nzuri, na masika zaidi ya hapo.

Kwenye marumaru tatizo ni utelezi. Zulia jepesi likikanyagwa na mtu anayetembea haraka huondoka naye. Dawa yake ni neti ya mpira inayouzwa kwa mita. Ikate iwe pungufu ya zulia kwa sentimita 5 kila upande isichungulie. Kisha pima nafasi iliyo chini ya mlango. Mlango uliofungwa kwa nafasi ya milimita 10 hauwezi kupita juu ya manyoya ya sentimita 3, na wengi hugundua hilo zulia likiwa limeshafika, fundi seremala akaitwa kupunguza mlango.

Uzi unasema nini

Sehemu kubwa ya mazulia ya bei ya kawaida ni ya polipropilini au poliesta, nyuzi za plastiki za kiwandani. Uzi wa nailoni hupatikana zaidi kwenye makapeti ya ofisi. Sufu ni ghali, na hapa mara nyingi huja kama mtumba. Lebo husema, lakini lebo zikiwa zimeng'olewa kuna njia mbili za kujua.

Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, uuzamishe kwenye glasi ya maji na kuuminya kwa vidole ukiwa humo humo ili hewa itoke. Ukiachia ukarudi juu, ni polipropilini, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Poliesta, nailoni na sufu huzama. Njia ya pili ni moto, nje ya duka na kwa koleo. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Pamba huwaka kama karatasi. Nyuzi za kiwandani huyeyuka, zikabaki tone gumu.

Tofauti hizo zina maana kubwa nyumbani. Polipropilini hainyonyi maji karibu kabisa, hivyo hukauka upesi, na rangi yake huchanganywa ndani ya malighafi kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo haichuji kirahisi. Kwa Kigoma hizo ni sifa nzito. Lakini ina udhaifu wake: hupenda mafuta, na hulala. Miguu ya sofa ikikaa mwaka mzima mahali pamoja, mashimo yake hayanyanyuki tena. Pia huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, kiasi kwamba kaa moja kutoka kwenye chetezo cha ubani huacha tundu gumu jeusi. Hata kuburuta kabati juu yake kwa nguvu kunaweza kuacha mstari unaong'aa, ni msuguano umeyeyusha ncha za nyuzi. Weka chetezo juu ya sinia pana, sakafuni, si juu ya zulia.

Poliesta ni laini zaidi mkononi na ina mng'ao, ndiyo maana kapeti za manyoya hutengenezwa kwayo. Hujikunja na kushikamana mafungu-mafungu pale panapopitwa sana. Nailoni huinuka vizuri baada ya kukanyagwa. Ukiipata kwa bei unayoiweza, ichukue kwa ofisi. Sufu hunyonya unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, huzimika moto yenyewe kwa urahisi kuliko nyuzi za kiwandani, na hudumu miaka mingi. Adui zake ni viwavi wa nondo, na klorini inayotumika kung'arishia nguo nyeupe, ambayo huiyeyusha kabisa.

Katani, zao la nyumbani lililoletwa nchini mwaka 1893, hutoa mazulia magumu yenye sura nzuri. Kwa sebule ya kiangazi ni safi sana. Ila maji yakidondoka juu yake huacha alama ya duara, na masika hujivuta na kujikunja kingo, hivyo si zulia la kukaa karibu na mlango wala bafu.

Geuza, kunja, pima

Uso wa zulia ni wa kuvutia mteja. Ukweli uko mgongoni. Zulia lililofumwa kwa mashine huonyesha ua lake hata upande wa chini, limefifia lakini linasomeka mstari kwa mstari. Zulia lililochomekwa kwa sindano halionyeshi, kwa kuwa nyuzi zimeshikwa na gundi kisha zikafunikwa na kitambaa cha pili. Hilo la pili si baya, lina bei nafuu, ila uhai wake ni uhai wa gundi. Likilowa likachelewa kukauka mara tatu nne, gundi hulainika, vitambaa viwili huachana, na zulia huvimba malengelenge yasiyotibika.

Likunje uso ukiwa nje, kama unayekunja kitabu kinyume, uangalie kwenye mkunjo. Ukiona mgongo kirahisi kati ya mistari ya manyoya, nyuzi ni chache na zulia litalala mapema. Kisha likipimwa kwenye mizani, gawa kilo kwa mita za mraba. Zulia la sebuleni la manyoya mafupi lenye kilo 2 kwa mita ya mraba liko vizuri. Likiwa chini ya kilo 1 na nusu, lifikirie kama kitu cha chumbani. Uzito pekee hudanganya kwa kuwa gundi nayo ni nzito, ndiyo maana mkunjo unatangulia mizani.

Kuhusu kapeti la manyoya marefu, lile la sentimita 4 au 5: kwa sebule ya Kigoma yenye watoto na wageni ni chaguo baya, hata likipendeza namna gani. Linameza vumbi bila kuonyesha, fagio halifiki chini, na likilowa, watu wawili wazima hulibeba kwa shida hadi kwenye kamba. Lipeleke chumbani kando ya kitanda, ambako hukanyagwa peku.

Futi za dukani na kanga za nyumbani

Wauzaji hutaja futi: tano kwa nane, sita kwa tisa, saba kwa kumi. Tano kwa nane halisi ni sentimita 152 kwa 244, yaani mita za mraba 3.72. Zulia linaloitwa hivyo mara nyingi lebo yake inasema 160 kwa 230, karibu sawa, au 150 kwa 230, ambalo ni mita 3.45 tu. Umelipia asilimia saba usiyoibeba. Nenda na futi kamba yako, kisha linganisha bei kwa mita ya mraba, si kwa jina la saizi.

Nyumbani, kabla ya kutoka, tandika doti ya kanga iliyokatwa. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukiziweka mbili zikigusana kwa upande mrefu unapata 150 kwa 220, ambayo kasoro kidogo ndiyo tano kwa nane. Sogeza sofa. Miguu ya mbele ya sofa ikikaa juu ya kanga kwa sentimita 15 au 20, saizi inatosha. Ikiwa kanga zinaelea katikati kama kisiwa, bila kugusa kiti chochote, unahitaji sita kwa tisa au zaidi. Acha angalau sentimita 20 za sakafu kati ya zulia na ukuta, la sivyo litaonekana kama kapeti la kukata lililokosewa vipimo.

Meza ya chakula inataka sentimita 60 zaidi ya meza kila upande ili kiti kikivutwa miguu yake isianguke ukingoni. Meza ya 90 kwa 150 basi inahitaji 210 kwa 270, na kwa saizi za dukani saba kwa kumi ndiyo inayotosha. Ila mahali panapoliwa migebuka na mboga ya mawese kila siku, sakafu tupu haina aibu. Kwa kitanda cha tano kwa sita usinunue zulia kubwa la kuingia chini ya godoro. Vipande viwili vya sentimita 70 kwa 150, kimoja kila upande, ni rahisi, na vyote vinaenea kwenye kamba moja.

Rangi si jambo la kulala macho. Rangi ya maziwa huonyesha vumbi letu jekundu, nyeusi huonyesha kila uzi mweupe. Mchanganyiko wa kahawia, kijivu na rangi ya tofali wenye maua madogo huficha vyote. Litazame mlangoni penye mwanga wa jua, taa za dukani hubadilisha rangi.

Hesabu ya ofisi

Ofisi haitaki ulaini. Inataka nyuzi fupi za vitanzi, milimita 3 hadi 7, zilizobanana, za nailoni au polipropilini. Manyoya yaliyokatwa hulala kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi mezani ndani ya miezi michache. Vitanzi vikubwa navyo huvutwa na magurudumu ya viti. Kitanzi kimoja kikivutwa mstari mzima hufumuka, kwa hiyo uzi uliojitokeza ukatwe kwa mkasi, usivutwe.

Roli la kapeti la kukata mara nyingi lina upana wa mita 4, na bei hutajwa kwa mita ya urefu au kwa mita ya mraba. Uliza ni ipi, kwa kuwa moja ni mara nne ya nyingine. Chukua chumba cha mita 5 kwa 6.5. Ukilaza roli kufuata upande wa 6.5, kipande cha kwanza kinafunika mita 4 na unabaki na ukanda wa mita 1, ambao unakulazimu kukata mita 6.5 nyingine. Jumla mita 13 za roli. Ukililaza kufuata upande wa 5, vipande viwili vya mita 5 vinafunika mita 8 na wewe unahitaji 6.5 tu. Jumla mita 10, ongeza sentimita 10 kila kipande za kunyooshea, ni 10.2. Chumba ni kile kile, umeokoa karibu mita 3 za roli, na mabaki ya mita 1.5 kwa 5 yanatosha korido.

Fundi anaweza kushawishi kuziba ule ukanda wa mita 1 kwa vipande vilivyozungushwa. Kataa. Manyoya yana mlalo wake, na kipande kilichogeuzwa huonekana kama rangi nyingine kabisa mwanga ukipiga kwa pembeni. Vipande vyote vielekee upande mmoja, na vyote vitoke kwenye roli moja.

Kwa ofisi inayopokea watu wengi, vigae vya kapeti vya sentimita 50 kwa 50 vina faida inayozidi bei yake: chai ikimwagika unang'oa kimoja, unaosha, unarudisha. Vinne hufanya mita ya mraba. Chumba hicho hicho kinataka 130, ongeza vya akiba ufikie 140, sawa na maboksi 7 kama boksi lina vigae 20. Vya akiba vinunuliwe siku hiyo hiyo, maana toleo la rangi hubadilika kiwandani.

Likiagizwa Kariakoo, au likiwa mtumba

Mzigo kutoka Dar es Salaam hufika kwa basi, lori au reli, na safari hiyo huua mazulia mazuri kwa kosa moja: kukunjwa badala ya kuviringishwa. Gundi ya mgongoni hupasuka kwenye mkunjo, na mstari ule haunyooki. Mwambie muuzaji aliviringishe kwenye bomba gumu na kulifunga nailoni ncha zote. Kabla ya kutuma pesa, dai picha ya mgongo, picha ya lebo, na picha ya futi kamba likiwa limelazwa juu ya zulia, namba zinasomeka.

Mtumba unaweza kuwa dili, hasa wa sufu. Geuza na kuusugua mgongo kwa kiganja. Ukidondosha unga wa kahawia au mweupe, gundi imekufa. Tafuta njia nyembamba zilizokosa manyoya, hasa kingoni, hiyo ni kazi ya viwavi. Kisha lowesha kiganja, kikandamize mahali pamoja dakika tano na ukinuse. Mkojo wa mbwa au paka uliokauka haunuki mpaka urudishiwe maji, na utakunukia nyumbani kila masika.

Mawese yamemwagika

Hili litatokea. Chota mawese kwa kijiko kutoka pembeni kwenda katikati, doa lisipanuke. Nyunyizia unga wa muhogo mkavu, mwingi, uufunike wote, uache nusu saa unywe mafuta. Ufagie au uufyonze wote ukiwa mkavu. Ukitia maji mapema unapata gundi. Rudia kama unga umetoka wa rangi ya chungwa. Ndipo uchanganye kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika nusu lita ya maji ya vuguvugu, uchovye kitambaa cheupe, ukandamize na kuinua, bila kusugua. Malizia kwa kitambaa cha maji matupu mpaka povu liishe. Sabuni inayobaki hunata, na ndiyo sababu zulia lililofuliwa kwa unga mwingi wa sabuni huchafuka haraka kuliko kabla.

Kitabaki kivuli cha njano. Kwenye polipropilini usikichokonoe. Rangi ya mawese hupauka kwa jua, kwa hiyo lianike, doa likitazama juu, saa chache, na kivuli kitafifia chenyewe. Sufu na pamba zilizotiwa rangi zisiachwe hapo mchana kutwa, rangi yao nayo itapauka.

Kufua zulia zima kufanyike kiangazi, na kuanze asubuhi. Kwanza likung'ute likiwa kavu, limening'inizwa uso ukiwa ndani, ukilipiga mgongoni kwa fimbo mpaka vumbi lipungue. Likishasuuzwa, liviringishe na kulikandamiza maji yatoke, kisha lianikwe juu ya kamba mbili au ukuta mpana, si kamba moja inayoacha mkunjo, na ligeuzwe mchana. Manyoya hukauka saa nyingi kabla ya mgongo. Jioni weka kitambaa kikavu cheupe kati ya zulia na sakafu safi, usimame juu yake dakika mbili. Kikitoka na ubaridi au alama ya maji, lirudishe kambani kesho.